Marejeo ni Ngamani

Kwa miaka 35 nilifundisha Kiswahili, katika shule tatu za Embu na moja ya Meru, na karibu kila mwaka niliandika ubaoni methali isemayo nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilieleza kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani yake, kisha nikaongeza kwamba methali yamkumbusha mtu asisahau alikotoka. Wanafunzi walinakili. Mtihani ulipouliza walijibu vyema, nami nikawapa alama zao kwa furaha. Jambo ambalo sikuwahi kuwaambia, kwa kuwa sikulijua, ni kwamba ngama ndipo maji yanayovuja hujikusanya, na kwamba mtu huinama hapo na kopo lake akateka na kumwaga, akateka na kumwaga, na saa hiyo hana nafasi ya kuwaza maana ya methali yoyote.

Nilikuja kulijua hilo mwezi Machi 2024, tena si kwa mgongo wangu. Aliyeinama alikuwa mpwa wangu, katikati ya bwawa la Masinga, ndani ya boti niliyoinunua mimi.

Mimi ni mtu wa Embu ya juu, upande wa Runyenjes, nchi ya chai na kahawa. Maji ya kwetu ni vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Kenya, baridi na vyembamba, unavyovivuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Ukishuka Mbeere unaingia nchi nyingine: miiba, joto, ndengu, mashamba ya muguka, na kule chini Mto Tana, uliozuiliwa mara tano mfululizo. Kindaruma ilianza mwaka 1968, ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988, mwaka uleule nilioanza kazi ya ualimu. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya umeme. Lakini maji yakishatuama mahali, watu nao hutuama. Wavuvi walikuja, wengine kutoka mbali sana, kandokando ya Ziwa Victoria, wakiwa na nyavu na ujuzi ambao sisi wa huku hatukuwa nao. Masinga likijaa huenea kiasi cha kilomita za mraba 120. Ukisimama ufukweni upande wa Makima asubuhi yenye ukungu, huoni ng'ambo, na ni rahisi kusahau kwamba pale palikuwa bonde tu.

Dada yangu aliolewa huko. Mwanawe wa pili alikuwa amevua kwa miaka minne katika boti za watu, akipewa fungu dogo la samaki jioni. Nilipostaafu mwaka 2023 na kupata kiinua mgongo changu, alikuja nyumbani, akanywa chai hadi ikaisha, ndipo akasema: "Mjomba, maji yamerudi. Samaki wapo, mikono ninayo. Sina chombo tu."

Ni kweli maji yalikuwa yamerudi. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu ya mvua ilikosekana, mmoja baada ya mwingine, na bwawa likarudi nyuma hadi likaacha uwanda mpana wa matope yaliyopasuka kama kisigino. Boti nyingi zilibaki juu ya matope hayo, zimelala ubavu, jua likizipiga mwezi baada ya mwezi. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño. Kila mtu aliyekuwa na kamba na ndoo akataka boti, na kila aliyekuwa na boti akainunulia rangi.

Ile tuliyoonyeshwa ilikuwa ya buluu, na mstari mweupe mmoja ulioizunguka ubavuni, ulionyooka kwelikweli. Nakumbuka kuupenda mstari ule. Ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 15, na mwenyewe aliivuta kamba mara moja tu ikanguruma. Alitaka shilingi 160,000. Tukazungumza, akashuka hadi 145,000. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye heshima zake, na sitaki kumsema vibaya hapa. Sababu zake nitazifikia.

Kabla sijatoa pesa mpwa wangu alinivuta kando kidogo. Akaniambia kuna mzee mmoja pale ufukweni, fundi wa boti, aliyekuja kutoka Homa Bay miaka mingi iliyopita, watu humwita Jaduong'. Ukimpa shilingi 3,000 anaivuta boti nchi kavu, anaipindua, anashinda nayo nusu siku, kisha anakwambia ununue au uache. Kijana alinong'ona, lakini pale maji yalikuwa yametulia na sauti husafiri juu ya maji. Muuzaji alisikia. Hakusema neno. Alitazama bwawa tu, kama mtu aliyetajwa vibaya mbele ya watoto wake.

"Hakuna haja," nikasema. Tena nikalisema kwa sauti, ili alisikie.

Maneno hayo mawili nimeyageuza moyoni kwa muda mrefu sasa, na kila nikiyageuza naona kitu kingine chini yake. Kwanza niliona adabu. Niliona haya kumwekea mtu mzima mwenzangu mkaguzi, kana kwamba namwita mwongo. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia mke wangu jioni ile, na ni ya kweli, ila si yote.

Baadaye niliona majivuno. Nilipokuwa nikiizunguka boti ile nilikuwa nimetaja sehemu zake. Nilisema mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, nikasema mataruma, zile mbavu zake, nikasema tezi, nikauliza kama imetiwa kalafati hivi karibuni. Muuzaji alinitazama kwa mshangao akasema, "Kumbe Mwalimu ni mtu wa majini!" Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kukubali. Maneno yale nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nimeyapokea kutoka vitabuni, kazi ya mikono ya watu wa Lamu na Pemba na Mafia ambao kila neno walilipata kwa kugusa mbao, nami nikayapitisha kwa vijana wa mlimani bila kuugusa ubao hata mmoja. Sidhani kumfundisha mtoto neno la kitu ambacho hajakiona ni kosa. Lakini neno lina hila yake: ukikaa nalo sana hudhani umekaa na kitu chenyewe.

Na chini kabisa, mahali ambapo sikupenda kufika, niliona kwamba nilikuwa nimeshainunua. Nilikuwa nimeinunua tangu nilipouona ule mstari mweupe. Nilikwisha kumwona mpwa wangu akiwa amesimama ndani yake, nilikwisha kujisikia nikiitwa mjomba mwema na dada yangu. Fundi hangekuja kuniambia kama boti ni nzuri. Angekuja kunipokonya kitu nilichokuwa nacho tayari. Kwa hiyo nilipomkataa sikuwa nikilinda heshima ya muuzaji. Nilikuwa nalinda furaha yangu isikaguliwe.

Kwa wiki sita au saba boti ilikwenda vizuri. Iliingiza maji kidogo, lakini ni boti gani ya mbao isiyoingiza. Walivua tilapia na kambale, na mara mbili nililetewa samaki nyumbani wamefungwa kwenye majani ya mgomba, nikawagawia majirani nikiwa na fahari.

Siku ya tukio walikuwa watatu, wamekwenda kutegua nyavu alfajiri. Upepo uliinuka kutoka upande wa Machakos, mawimbi yakaanza kuipiga boti chini ya omo, na mahali fulani karibu na mkuku ubao ukaachia. Haukuvunjika. Uliachia tu, kama mtu anayekuachia mkono. Injini nayo ikakohoa na kuzima. Waliteka maji kwa mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, kwa kupokezana, karibu saa nzima, hadi boti ya wenzao ikawafikia na kuwavuta. Masinga lina mamba na lina viboko. Jaketi za kuokolea zilikuwa mbili. Watu walikuwa watatu. Nilikuwa nimenunua mbili nikisema ya tatu tutaongeza.

Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mjomba, tumefika. Tumelowa tu." Alisema hivyo mara mbili. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye, na kutolaumiwa kwake kumenisumbua kuliko lawama.

Ndipo nilipomtafuta Jaduong'. Nilimpa zile 3,000 ambazo miezi miwili kabla niliziona ni nyingi. Nilitaka kujua, ingawa kujua hakukuwa na faida tena, au ndivyo nilivyofikiri.

Boti ilivutwa nchi kavu, ikapinduliwa juu ya magogo mawili. Mzee aliizunguka mara tatu bila kuigusa. Kisha akachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga ubao mmoja mmoja, kuanzia omo kwenda tezi, akiwa ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Ko, ko, ko. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu ya juu. Alipofika theluthi ya nyuma, karibu na mkuku, sauti ikabadilika ikawa bu, bu, kama unayegonga gunia. Akaniita. "Mwalimu, sikia." Akarudi nyuma, akagonga pazima, akagonga palipooza, ili sikio langu lijifunze tofauti. Alinifundisha kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kila siku darasani.

Kisha akatoa bisibisi. Hakuisukuma kwa nguvu. Aliiweka tu juu ya ile rangi ya buluu na kuegemeza kiganja, nayo ikazama kama kisu kwenye nduma iliyoiva, hadi kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia wenye unyevu, na harufu. Harufu ya uyoga, ya shamba la kahawa baada ya mvua. Nimeishi na harufu ile maisha yangu yote, sikuijua ilikuwa inafanya nini ndani ya boti.

Alikwangua rangi kwa kisu. Chini yake palikuwa na tabaka nene la lipu, na chini ya lipu, mianya kati ya mbao iliyokuwa imefunguka jua lilipoikausha boti wakati wa ukame. Mbao ikikaa majini hufura na kujibana. Ikikaa juani miaka miwili husinyaa, na kilichosinyaa sana hakirudi kilivyokuwa. Mianya ile ilihitaji kusafishwa na kutiwa kalafati upya, pamba ikipigwa ndani kwa patasi na nyundo. Ilikuwa imezibwa juujuu, ikapakwa rangi. Misumari kadhaa ilikuwa imelia kutu, michirizi myekundu chini ya kila kichwa. Mbao tatu za chini hazikuwa za mti uleule wa boti. Mzee akanusa moja, akatabasamu kidogo, akanipa nami nikaitambua mara moja, kwa kuwa imezunguka shamba la baba yangu: mgrevilea, ule tunaouita mukima, mti uliotoka Australia na kupandwa mipakani mwa kahawa kutupa kivuli na kuni. Ni mti mwema sana. Ila haukuumbwa kulala majini.

Nilimwuliza kwa nini boti za baharini huishi muda mrefu ilhali bahari ndiyo kali. Akaniambia chumvi huzuia ukuvu, ndiyo maana mbao za baharini adui yake ni mdudu anayetoboa, na za maji baridi adui yake ni kuoza. Tena maji ya bwawa si mabaya kama ya mvua yanayotuama ndani ya boti iliyosahauliwa. "Boti huozea ndani kwanza," alisema. "Wewe uliizunguka nje."

Mwisho akaenda kwenye injini. Alifungua skrubu ndogo chini kabisa, mbele kidogo ya rafadha, mahali panapotiwa oili ya gia. Ilipaswa kutoka oili nzito. Kilichotiririka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikitazama kikidondoka kwenye kopo. Hata mimi nisiyejua mashine nilielewa kwamba maji yalikuwa yamepenya humo kitambo, na kwamba siku ile injini iliponguruma kwa mvuto mmoja ilikuwa inanguruma na ugonjwa wake ndani.

Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha githeri. Skrubu moja, bisibisi moja, nyundo moja na masikio.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini jambo hili lilinishinda, mimi ambaye nililelewa katikati ya ukaguzi. Mama yangu alikuwa Mmeru, na likizo nyingi za utoto niliishi kwa mjomba wangu karibu na Maua, aliyekuwa mnunuzi wa miraa. Nilimwona akifungua kila bunda lililoletwa, hata lile la rafiki yake wa tohara moja. Aliondoa majani ya mgomba, akatazama vijiti vya katikati, kwa kuwa vya nje kila mtu hupanga vizuri, akavunja kimoja karibu na sikio. Hakuna aliyekasirika. Wakulima walisimama wakingoja, wakizungumza habari za mvua. Wengine walijivunia kukaguliwa, hasa wenye mibaine, ile miti ya zamani iliyopandwa na mababu, kwa kuwa walijua nini kitaonekana. Na huku Embu tunapeleka kahawa kiwandani tukijua itapimwa na kupewa daraja, na hatusemi tumetukanwa. Mimi mwenyewe, nilipotaka kununua robo ekari, nilikwenda ofisi ya ardhi kupekua hati kabla ya kutoa hata shilingi, na muuzaji alikuwa binamu yangu.

Kwa hiyo si kweli kwamba utamaduni wetu unaona haya kukagua. Tunakagua tunachokijua. Labda ni hapo: mtu hukagua kwa ujasiri kile ambacho akionyeshwa kasoro ataielewa. Penye ugeni tunaogopa kuonekana wageni, tukavaa imani kama koti. Nasema labda, kwa kuwa nimewahi kuwaona pia watu wakikagua mbuzi kwa saa nzima na kumwoza binti kwa dakika kumi, na mbuzi wala ndoa si vigeni kwao.

Katika miezi iliyofuata nilisoma kila nilichopata kuhusu jambo hili, kama afanyavyo mwalimu aliyeaibika. Nilijifunza kwamba nchini mwetu Mamlaka ya Usafiri wa Majini, ile wanayoiita KMA, iliyoundwa mwaka 2004, hukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni, na kwamba nilipaswa kuuliza karatasi hiyo kabla ya kuuliza bei. Lakini ukaguzi wa serikali na ukaguzi wa mnunuzi si kitu kimoja. Ule huuliza kama chombo kinaruhusiwa kubeba watu. Huu huuliza kama wewe, na pesa zako hizi, ununue chombo hiki. Yule afanyaye huu wa pili lazima alipwe na wewe na awe upande wako. Fundi aliyeletwa na muuzaji, hata awe mwaminifu namna gani, ana mkono mmoja begani mwa mwenzake.

Nilisoma pia kuhusu wafanyabiashara wa London waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa mtu aliyeitwa Edward Lloyd. Walikuwa wakiziwekea bima meli ambazo hawakuziona, na mwaka 1760 wateja wa mkahawa huo wakaunda chama cha kuziandikisha, wakapeleka watu kuzikagua. Katika daftari lao la mwanzo hali ya mwili wa meli ilipewa herufi: A kwa iliyo bora, kisha E, kisha I, kisha O, na U kwa iliyo duni. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. A, e, i, o, u. Irabu zilezile, herufi ambazo niliziandika ubaoni siku ya kwanza ya kila darasa jipya, watoto wakizipokea kwa sauti moja hadi madirisha yakatetemeka. Nimezitamka mara nyingi kuliko jina langu. Nisingeweza kujua kwamba mahali fulani, zamani, mtu alisimama chini ya meli na nyundo mkononi, akasikiliza, kisha akaandika moja ya hizo tano, na maisha ya watu yakawa ndani yake.

Sitaki kumfanya fundi kuwa nabii. Jaduong' mwenyewe alinikataza. Nilipomwambia kwamba ningemsikiliza yasingetokea, alitikisa kichwa. Alisema yeye huona panapofikika. Chini ya taruma, pale mbao zinapokutana, haoni bila kubomoa, na hakuna muuzaji atakayekubali boti yake ibomolewe. Akanisimulia boti moja aliyoipitisha kwa moyo mweupe, ikapasuka mwaka uleule. "Mimi napunguza tu giza," alisema. Maneno hayo yalinipa faraja na wasiwasi kwa pamoja. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nikiwaita wenye ujuzi sitakosea tena, na tazama, mwenye ujuzi ananirudishia sehemu yangu ya kutojua.

Sasa nifike kwenye sababu za yule muuzaji.

Kuitengeneza boti vizuri kungegharimu karibu nusu ya bei niliyoinunulia. Sikuwa nayo. Mpwa wangu alirudi kuvua na wengine. Mwezi Mei bwawa lilifurika, maji yakapita ile alama ya mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari ambapo Masinga huhesabiwa limejaa, na boti yangu ikasogezwa mbali zaidi juu, chini ya mti wa mgunga, imepinduliwa. Mwezi Agosti alinipigia kijana mmoja wa upande wa Kiambere. Amesikia nina boti. Amekusanya pesa na ndugu zake. Akauliza, "Iko sawa, Mwalimu?"

Nikajibu, "Ina kazi kidogo, lakini ni nzima."

Nilikata simu nikakaa. Siku iliyofuata nilikwenda Embu mjini kwa shughuli nyingine, na nikarudi na mkebe wa rangi wa lita nne. Buluu. Nitasema ukweli: sikuwa nimepanga kumdanganya mtu. Nilijiambia kwamba chombo kinachouzwa lazima kipendeze, kwamba kijana atakuja na macho yake, kwamba hata mimi nilipoteza. Kila sentensi peke yake ilikuwa na mantiki. Nilipoiweka ile rangi stooni nilimwona yule mzee mwenzangu akitazama bwawa, na kwa mara ya kwanza sikumwona kama aliyenifanyia ubaya. Nilimwona ana watoto, ana karo, ana miaka miwili ya ukame mgongoni, na mkebe wa rangi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza. Alikuwa akitafuta jembe. "Baba Njeru, hii rangi ni ya nini?" Hakuwa na nia yoyote, aliuliza tu. Nikamwambia ni ya boti. Akasema, "Ile iliyooza?" Akachukua jembe lake akaenda.

Sijui kama asingeuliza ningefanyaje. Ningependa kuandika kwamba ningerudi nyuma mwenyewe. Siwezi kuapa.

Kijana alikuja Jumamosi, pesa zikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na kumbe nilikuwa nimemfundisha darasa la saba, miaka mingi iliyopita, katika shule moja karibu na Kiritiri. Alinisalimu kwa mikono miwili. Tulitembea hadi chini ya mgunga. Nikamwambia ilikuwa vyema aje na fundi, kuna mzee hapa karibu, 3,000 tu. Akacheka kwa haya, akatazama chini.

"Mwalimu, nitakuletea mtu akukague wewe? Wewe uliyenifundisha kusoma?"

Nilimsikia. Nilijisikia mwenyewe, Januari, nikisema hakuna haja kwa sauti ya kusikika.

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikaitoa, nikampa. Aliishika bila kujua aifanyie nini. Akaigusisha ubavuni, juu, karibu na ule mstari mweupe, mahali ambapo mti bado ni mzima, akasukuma kidogo, ikakataa kuingia. Akanitazama kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa kama jibu ni sawa.

"Si hapo," nikamwambia. "Shuka chini. Karibu na mkuku."

Akapiga goti kwenye majani makavu, akaanza kupapasa kwa kidole, akitafuta mahali.